Tupeane uzoefu: Ligi ya soka Kenya iliposimama Machi 2020, wewe ulikuwa wapi?

Jakaloleni

Wadau, hamjambo. Jana nimepekua kabati nikakuta tiketi ya derby ya Mashemeji, Gor Mahia na AFC Leopards (Ingwe), Machi 8, 2020, uwanja wa Kasarani. Imekunjika vipande vinne lakini bado inasomeka. Nikakaa kitandani nayo kama nusu saa hivi.

Siku ile nilikuwa na baba mdogo. Yeye ndiye aliyenipeleka City Stadium mara ya kwanza, nikiwa nimebebwa mabegani, na tangu hapo hatukukosa derby hata moja akiwa mjini. Sisi wa Gor tulishinda, tukarudi tukiimba, tukala samaki soko la Burma pamoja na mashabiki wa Ingwe waliokuwa wamenuna. Kesho yake akapanda basi kwenda Siaya, aangalie shamba kisha arudi mwezi wa nne.

Ijumaa ile, Machi 13, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe akatangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Siku chache tu, ligi ikasimamishwa. Aprili 6 Nairobi ikafungwa, hakuna kutoka wala kuingia. Tulidhani ni wiki tatu. Ilifunguliwa Julai.

Aprili 30 shirikisho la soka, FKF, wakatangaza kwamba msimu umeisha na Gor ndio mabingwa, alama 54, saba mbele ya Kakamega Homeboyz. Nikampigia baba mdogo simu nikipiga kelele, "Baba, tumechukua!" Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza, "Nani amelibeba hilo kombe? Wamezunguka nalo uwanja gani?" Sikuwa na jibu.

Alifariki Juni, moyo wake ulikuwa na shida ya muda mrefu. Alizikwa upesi, watu wachache, mimi nikiwa Kaloleni nafuatilia kwa simu ya binamu iliyokuwa ikikatika kila dakika. Nilifika kaburini Julai, barabara zilipofunguliwa.

Nataka kusikia zenu. Mchezaji, shabiki, mchuuzi, refa, yeyote ambaye msimu ule ulimgusa. Si lazima iwe ya huzuni.

Beki Tatu

Pole sana ndugu yangu. Mimi nilikuwa nacheza ligi kuu, timu ya hapa Nairobi, jina niliache.

Watu husahau kwamba hata kabla ya korona hali haikuwa nzuri. Mdhamini mkuu wa ligi alikuwa ameondoka Agosti 2019 na klabu nyingi ziliyumba. Sony Sugar waliondolewa kwenye ligi msimu ukiwa mchanga baada ya kukosa kufika mechini. Kwa hiyo Machi ilipofika mimi nilikuwa nadai mshahara wa miezi miwili tayari, naishi kwa posho ya ushindi. Mechi ziliposimama, na posho ikafa.

Kocha alitufungulia kundi la WhatsApp. Kila asubuhi saa kumi na mbili unatuma video ukifanya mazoezi. Nilikuwa nakaa Kayole, ghorofa ya tano, chumba kimoja na mke na mtoto. Nilipanda ngazi za ghorofa mara 40 kila siku, jirani wakadhani nimechanganyikiwa. Mpira nilikuwa nao lakini ukiudunda tu, mama wa chini anagonga dari kwa ufagio. Wiki ya tatu bando zikaisha, na video nazo zikaisha.

Mei nikaenda mjengo, kule Ruai. Siku ya kwanza fundi alinitambua, akaita wenzake: "Njooni muone, huyu si yule beki?" Sikujua nicheke au nijifiche. Lakini fundi huyo alinitunza. Alinipa kazi ya kupitisha mawe badala ya kubeba zege, akaniambia, "Hayo magoti si yako peke yako, ni ya watu." Nilikuwa nalipwa mia tano kwa siku. Kafyu ilikuwa saa moja jioni, hivyo saa kumi lazima uwe barabarani unatafuta matatu, na matatu zilikuwa zinabeba watu nusu kwa nauli mara mbili. Ukitoa nauli, unga na maziwa ya mtoto, mwenye nyumba anabaki anakuangalia tu.

Msimu mpya ulianza Novemba 28. Tukapimwa, tukaambiwa tuko sawa, tukaingia uwanjani bila shabiki hata mmoja. Dakika ya 60 miguu ikanikataa. Miezi minane bila mechi haifidiwi na ngazi. Wiki ya nne msuli wa nyuma ya paja ukachanika, na wenzangu watatu wakapata jeraha hilo hilo.

Lakini kilichoniuma zaidi ni ule ukimya. Unasikia kocha wa wapinzani akimwelekeza winga unayemkaba. Unajisikia ukihema. Nilikuwa nimezoea upande wa jukwaa wakiniita jina, hata wakinitukana. Mtu akikutukana, angalau amekuona.

Mama Skafu

Beki, nimekusoma nimelia. Pole mwanangu.

Mimi nauza skafu, kofia na jezi nje ya viwanja tangu 2009. Mechi kubwa moja ya Kasarani ilikuwa inanilipia kodi ya nyumba. Kwa ile derby ya Machi nilikuwa nimechukua mzigo wa kitambaa kwa mkopo wa chama, kijani na nyeupe, bluu na nyeupe, nikijua Aprili na Mei ndio mwisho wa msimu, watu hununua. Mzigo wenyewe ukalala chini ya kitanda.

Wiki mbili sikujua nifanye nini. Halafu serikali ikasema kila mtu avae barakoa. Binti yangu akaniambia, "Mama, kitambaa unacho." Tukaanza usiku huo huo. Cherehani moja, yeye anakata mimi nashona, tabaka mbili, uzi wa mpira masikioni. Ya kijani na nyeupe tukaiita ya K'Ogalo, yaani Gor, ya bluu na nyeupe ya Ingwe. Mwanzoni niliuza shilingi mia moja pale Burma na Jogoo Road, zikaenda kama mahindi ya kuchoma. Mzee mmoja wa Ingwe alinunua sita, moja ya kila mjukuu.

Baadaye zikaja zile za viwandani, bei ikashuka hadi kumi, nami nikaacha. Lakini chama nilikilipa chote, na sikulala njaa. Ninachokumbuka kwa uchungu ni wenzangu: wa karanga, wa mayai na kachumbari, wale vijana wa kupaka watu rangi usoni. Wao hawakuwa na kitambaa cha kugeuza. Wa karanga alirudi kwao Kitui na sijamwona tena langoni. Msimu mzima mpya ulichezwa milango imefungwa, na watu wakisema "ligi imerudi". Kwetu sisi wa nje ya lango haikuwa imerudi.

Jakaloleni

Mama Skafu, ile ya kijani ninayo! Niliinunua kwa mama mmoja karibu na mzunguko wa City Stadium. Huenda ni wewe.

Mama Skafu

Kama ilikuwa na mshono mwekundu ndani, ni mimi. Uzi mweupe ulikuwa umeniishia.

Simba wa Kawangware

Mimi ya kwangu ni ya furaha, samahanini. Nairobi City Stars walishuka daraja 2016. Miaka minne tunasafiri na timu ya daraja la chini, viwanja vya vumbi, mashabiki ishirini mnajuana kwa majina. Msimu ule tulikuwa tunaongoza, tunahesabu mechi zilizobaki, ndipo kila kitu kikasimama. Nilikuwa na hofu kwamba watasema msimu umefutwa turudi mwanzo.

Waliposema tumepanda, ilikuwa usiku kwangu, kafyu imeshaanza. Nikatoka kwenye roshani nikapiga sufuria na mwiko. Ng'ambo ya barabara mtu akajibu kwa sufuria yake. Halafu wa tatu. Sikujua hata kwamba mtaani kwetu tulikuwa watatu! Hakuna aliyeshuka chini, polisi walikuwa wanapita. Tulipiga kama dakika kumi, tukaingia ndani. Wale wawili sasa ni marafiki zangu.

Mzawa wa Muhoroni

Simba, nafurahi kwa ajili yako, lakini timu yangu Chemelil Sugar ilikuwa mkiani siku msimu ulipokatwa, ikashushwa. Najua tulikuwa vibaya, sibishi, na pengine tungeshuka tu. Ila mtu apewe nafasi ya kushuka akiwa anacheza. Nipo Nairobi miaka kumi na moja na timu ile ndiyo iliyokuwa ikinipa habari za nyumbani kila wikendi. Ni hayo tu.

Filimbi

Refa hapa. Sisi tunalipwa kwa mechi, na hakuna mechi hakuna pesa, wala hakuna aliyetuuliza tunakula nini. Niliuza mboga Umoja. Nilikimbia kila alfajiri kafyu ikiisha tu, saa kumi na moja, kwa sababu mtihani wa mbio hauangalii korona. Nilifaulu. Mechi yangu ya kwanza bila mashabiki nilipuliza penalti, na kwa mara ya kwanza maishani nikasikia mwangwi wa filimbi yangu ukinirudia kutoka jukwaani.

Isikuti

Nimesubiri mzungumze wote kwanza. Mimi ni Ingwe, napiga ngoma. Nimepiga isikuti kwenye mechi zetu tangu nikiwa na miaka 16, nilirithi nafasi kwa mjomba.

Ngozi ya ngoma ikikaa bila kupigwa hulegea. Nilikuwa naishi Kangemi, na ngoma ile haipigwi ndani ya nyumba ya mabati ukapona kwa majirani. Kwa hiyo nikawa naitoa juani kila Jumapili saa tisa, saa ya mechi, naipasha, naipapasa kwa viganja bila kuitoa sauti, naifunika. Mke wangu aliniacha nifanye, hakusema neno.

Ligi ikarudi, ikasimamishwa tena Machi 2021 kaunti tano zilipofungwa, ikarudi Mei. Halafu Julai 4 ikaja fainali ya kombe, sisi na Gor, uwanja wa Nyayo. Fainali ya Mashemeji! Na hakuna kuingia. Tulienda hivyo hivyo, kama kumi, tukasimama upande wa barabara ya Uhuru, mbali kidogo ili polisi wasitusumbue. Jamaa mmoja alikuwa na redio ndogo. Nilikwenda na ngoma. Nilijiambia wakisikia ngoma ndani, watajua tupo.

Nilipiga kuanzia dakika ya kwanza. Hadi leo sijui kama ilifika, ukuta ni mrefu na magari yalikuwa mengi. Sare tasa, tukaenda penalti, tukapoteza. Nilisikia wachezaji wa Gor wakishangilia kwa sauti zao wenyewe, sauti chache za wanaume uwanja mzima. Nimeshindwa na Gor mara nyingi, nazijua kelele zao. Siku ile nilitamani kelele zao zote ziwepo, nizichukie vizuri.

Beki Tatu

Isikuti, sikucheza mechi ile lakini kaka yangu wa kambo alikuwa kazini ndani ya uwanja, wa vifaa. Nimempigia sasa hivi. Anasema ngoma ilisikika, hasa kipindi cha pili. Anasema wachezaji wa akiba walikuwa wanageuka kuangalia ukuta.

Isikuti

Asante, kaka. Kweli asante. Nimemsomea mke wangu.

Jakaloleni

Beki, swali kama halikukwazi. Ile mishahara walilipa?

Beki Tatu

Ya Januari na Februari walilipa mwaka uliofuata, nusu. Machi hadi Juni bado. Barua ya madai ninayo, imepigwa muhuri wa kupokelewa. Yule fundi wa Ruai ndiye aliyenisindikiza kuipeleka.