Kibodi bapa isiyo na waya, ya bei nafuu

Swali (Lamu):
Assalaam alaykum ndugu zangu. Natafsiri nyaraka usiku, na chumba cha pili amelala mamangu. Kibodi yangu ni nene, viganja vyaniuma, na herufi A imeanza kukwama kwa chumvi ya bahari. Nataka ya mekanika (kila kitufe kina swichi yake chini), bapa. Nichukue ipi?

Jibu (Malindi):
Waalaykum salaam dadangu. Tazama Keychron K3, inashika vifaa vitatu kwa Bluetooth. Chukua swichi nyekundu. Za buluu hulia tiki-tiki, mama hatalala.

Jibu (Langoni):
Tafuta toleo la swichi za kung'oleka. Ikikwama moja, wabadilisha hiyo hiyo. Yangu huifunika kitambaa kila magharibi, dirisha likiwa wazi upepo huingia na chumvi.

Swali:
Shukran sana. Nyekundu, za kung'oleka.