Mkutano mkuu wa wanafunzi Malindi: tumeitwa tupige makofi, hoja yetu ikatupwa kapuni

Makomredi salaam. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Mkutano mkuu wa chama chetu cha kitaifa cha wanafunzi umekwisha hapa Malindi juzi, mapicha yamejaa kila simu, watu na tisheti mpya wanacheka ufuoni, na chini ya picha wameandika ati sauti ya mwanafunzi wa pwani imesikika. Imesikika na nani? Sisi tulikuwa pale. Tulikuja na hoja imeandikwa, imetiwa sahihi, imepokelewa ikapigwa muhuri wa sekretarieti, na haikusomwa. Ingepigiwa kura ikashindwa ningenyamaza, kushindwa kwa kura ndio mkutano wenyewe. Haikusomwa kabisa!

Na haikuwa hoja ya matusi wala ya ukabila. Tulitaka chama kichukue msimamo mmoja ulio wazi, kwamba kura irudi kwa kila mwanafunzi. Kwa wale walioingia chuo karibuni na hawajui ilivyokuwa, kabla sheria ya vyuo vikuu haijarekebishwa 2016 mwanafunzi alikuwa akipanga foleni mwenyewe anamchagua mwenyekiti anayemtaka yeye. Marekebisho ndio yakaleta mambo ya wajumbe: kila idara au kitivo kinachagua wawakilishi watatu, wasizidi wawili wa jinsia moja, halafu hao wawakilishi ndio wanakwenda kuchagua baraza la wanafunzi. Wakasema ni kupunguza fujo na pesa za kampeni. Haya hebu niambieni, kuhonga chuo cha watu elfu kumi na kuhonga wajumbe sitini, lipi rahisi? Sitini wanaingia basi moja, unawalaza gesti, unawalisha, unawanyang'anya simu, asubuhi unawaleta wapige kura. Kila mmoja anajua hivyo ndivyo inavyofanyika na hakuna anayetaka kusema. Na ugonjwa huo umepanda mpaka juu, manake hao wanaotoka kwenye mabaraza ya namna hiyo ndio wanaokuja kuwa wajumbe wa kitaifa.

Hizo sahihi tulizitolea jasho. Karatasi zimezunguka muhula mzima, Lamu tulikuwa tukikaa Mkunguni pale mbele ya ngome baada ya isha tunamsomea hoja kila mwanafunzi aliyekuja likizo, hatumwambii mtu tia sahihi tu, tunamsomea mpaka mwisho na akibisha tunabishana naye. Mpeketoni na Witu wenzetu wakazipitisha, Kilifi zikapita hosteli kwa hosteli, Malindi vijana wa vyuo vya ufundi wakatupokea vizuri ingawa hoja hii kisheria inawahusu zaidi wa vyuo vikuu. Hiyo ndio kazi ya kupanga watu. Haina posho, na hailiwi hotelini.

Sasa sikilizeni yaliyotokea mlangoni. Kuna dada mmoja mjumbe wetu wa kisiwa cha Pate, jina lake sitaji. Aliondoka Mtangawanda alfajiri, boti ikangoja maji yajae ndio ipite ule mlango mwembamba wa bahari wa Mkanda (wanaoijua ile njia wanajua, maji yakiwa makavu hupiti), akafika Mokowe, akadandia basi la Malindi, njiani vizuizi, mnashuka mnapanga laini vitambulisho mkononi mnapanda tena, Witu, Gamba, Minjila, Garsen, mpaka anafika jua limeshapanda kitambo. Nauli katoa yeye, kwa sababu posho ya safari walioahidiwa wajumbe tuliambiwa inashughulikiwa, na mpaka naandika hapa bado inashughulikiwa. Anafika mezani na begi lake, kijana mwenye daftari hata usoni hakumwangalia, "dada jina lako haliko."

Jina lilikuwako. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeliona kwa macho yangu. Limechapishwa vizuri, halafu limekatwa mstari mmoja wa biro ya buluu, na pembeni limeandikwa kwa mkono jina la mwanamume wa chuo cha bara. Karatasi hiyo hiyo majina ya pwani yaliyokatwa yalikuwa kadha, biro ni ile ile, mwandiko ni ule ule. Nikamuuliza kijana nani kakata, akasema "nimeletewa hivi hivi." Nikatoa simu nipige picha, akalifunga daftari akalikumbatia, akaniomba, "kaka tafadhali usinitie matatani, mimi ni kibarua wa siku mbili tu hapa." Na nilimwamini, yule si wa kulaumiwa. Wa kulaumiwa ni aliyekaa na biro usiku akachagua ni nani wa pwani asiingie, na haikosi aliangalia ile orodha ya waliotia sahihi hoja yetu, manake waliokatwa wote ninaowajua walikuwa wamesaini.

Dada wa watu akakaa nje chini ya mwarobaini mpaka alasiri. Waliompelekea maji ni wafanyakazi wa hoteli. Hakuna kiongozi hata mmoja aliyetoka kumuuliza umefikaje, umekula, utalala wapi.

Ndani nako programu ilisema saa tatu asubuhi tuanze na hoja za mikoa. Saa tatu hiyo akaingia mheshimiwa mmoja, mwanasiasa, na msafara wake, watu wakasimama, ngoma zikapigwa, hoja za mikoa zikawekwa pembeni "kidogo". Kidogo hiyo ikafika adhuhuri. Adhana imepigwa msikiti wa jirani na mtu bado yuko kwenye maiki, anaizungumzia juu kwa juu, mji wa Waislamu huu, na viongozi wetu wameketi wanatikisa vichwa. Kazungumza habari za uchaguzi wa 2027 kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Karo hakuitaja, HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, hakuitaja, akaahidi tutaonana tena, akaacha bahasha. Bahasha ziligawiwa pale nje kwenye mabomba ya kunawia mikono kabla ya chakula, watu wanapanga laini wananawa wanapokea, mchana kweupe. Kuna waliokataa, nawajua na nawaheshimu, lakini ni wachache.

Baada ya chakula wenzangu wawili wakasimama kuuliza hoja yetu iko wapi. Wa kwanza kaambiwa muda hautoshi. Wa pili kasimama kwa hoja ya nidhamu, kanukuu katiba ya chama chenyewe, kifungu chenyewe, na kabla hajamaliza sentensi maiki ikazimwa, akaendelea kwa sauti yake mwenyewe, basi wale waliovaa tisheti za kamati wakaanza kuimba nyimbo za mgomo kumfunika. Nyimbo za mgomo!! Nyimbo walizoimba watu wakikimbizana na polisi leo zinatumika kumnyamazisha mwanafunzi ndani ya mkutano wa wanafunzi. Usiku viongozi wapya wakatangazwa, hakuna sanduku wala karatasi ya kura, mtu anasoma majina yaliyopangwa, ukumbi unapiga makofi, wamepita bila kupingwa. Watapingwaje na wapinzani wamefungiwa nje?

Na mtu asiniambie hili ni suala la vyeo. Mfumo mpya wa ufadhili wa vyuo vikuu ulioletwa 2023 unawapanga wanafunzi makundi matano kwa hali ya familia, kila kundi na kiasi chake cha msaada na mkopo, na ukipangwa kundi silo mzazi ndiye anabeba. Mtoto wa mvuvi wa Kizingitini atathibitishaje pato la babake? Mvuvi hana slipu ya mshahara. Kaskazi anapata, kusi ikichafuka bahari anakaa pwani anashona nyavu. Nawajua walioletewa barua za karo wakakunja vyeti vyao wakarudi nyumbani, na wengine sasa hivi ni vibarua Mokowe wana alama nzuri kuliko hao waliokuwa wanapigiwa ngoma. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mfumo ule ni kinyume cha katiba, serikali ikakata rufaa, na wanafunzi wakabaki katikati hawajui walipe nini. Chama cha kitaifa chenye viongozi waliochaguliwa na wanafunzi kingekuwa na msimamo mchana na usiku juu ya jambo hili. Chetu kimetoa nini? Tisheti.

Hawa watu hawajui hata wamekalia kiti cha nani. Titus Adungosi alikuwa mwenyekiti wa SONU, chama cha wanafunzi pale Chuo Kikuu cha Nairobi, 1982, baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti mwaka ule akafungwa miaka kumi, akafia gerezani 1988. Wafula Buke akachaguliwa kuongoza SONU 1987, haukupita muda akakamatwa, akafungwa miaka mitano na chama kikapigwa marufuku. Solomon Muruli 1997 alikufa kwa moto ndani ya chumba chake cha hosteli kampasi ya Kikuyu, mwanafunzi aliyekuwa ametoka kusema hadharani aliyotendewa. Hao walikuwa vijana wa umri wetu, hawakuwa na bahasha. Na juzi juzi tu, Juni 25, 2024, vijana waliojaa barabarani kupinga mswada wa fedha hawakungoja chama chochote kiwaite, na kesho yake Rais akasema hatautia sahihi. Sasa chama kinachojiita mama wa wanafunzi wote kimejifunza nini kwa ile siku, zaidi ya kwamba vijana wanaweza kuuzwa bei nzuri zaidi kwa wanasiasa?

Halafu kuna hili la "nyinyi watu wa pwani mnalalamika sana, jipangeni." Nimeambiwa hivyo mlangoni, na mtu ambaye ndio mara yake ya kwanza kuvuka Mariakani kushuka pwani. Sisi tujipange? Watu wa Lamu walijipanga dhidi ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe miaka na miaka, mtaa kwa mtaa, kisiwa kwa kisiwa, mpaka Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ikafuta leseni, na sababu moja kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wavuvi wetu wakaishtaki serikali kwa ajili ya bandari mpya ya Lamu, na Mahakama Kuu hapa hapa Malindi, mji huu huu mliokuja kula biriani, 2018 ikaamuru walipwe fidia shilingi bilioni 1.76. Wazee wale wengi hawakufika sekondari. Walikaa barazani, wakaweka kumbukumbu za mikutano, kila aliyekuja akaandikwa jina na hakuna aliyekatwa kwa biro. Mtu wa chuo kikuu anashindwa kuweka daftari la wajumbe vile wavuvi waliweza, na hana haya.

Kuna rafiki zangu wananiambia punguza makali, utaharibu nafasi ya pwani kwenye kamati mpya, tumepewa nafasi moja ya "mratibu wa pwani". Huyo mratibu kachaguliwa na nani? Mimi sina ugomvi naye, ni kijana mzuri, lakini akitaka tumheshimu aanze kwa kuuliza daftari liko wapi.

Tunachotaka ni hiki. Daftari la wajumbe litolewe hadharani, lile lenye biro, sio jipya litakalochapishwa wiki ijayo. Hesabu ya pesa za mkutano itolewe, nani kalipa hoteli, posho za wajumbe wa visiwani zimekwenda wapi, na waliojilipia nauli warudishiwe. Hoja yetu isomwe kwenye kikao halali cha wajumbe halali, na ipigiwe kura, tushinde au tushindwe. Mpaka hapo sisi hatuwatambui hao waliopita kwa makofi, na tutaandika hivyo kwa barua tupeleke kila baraza la wanafunzi na kwa msajili aliyekisajili hicho chama.

Kama ulikuwa ukumbini na una ile programu ya kwanza, iliyokuwa na hoja za mikoa saa tatu, itume hapa au inbox, hata kama ni picha ya simu imekunjika. Waliokatwa majina kutoka kaunti nyingine, Tana River, Kwale, popote, jitokezeni, nina hakika hatukuwa sisi tu. Waliopokea bahasha na roho inawasuta, njooni mseme, hatutawataja. Lamu tunakaa Mkunguni Alhamisi baada ya isha kuandika hiyo barua, Malindi wenzetu wanatafuta mahali, nitaandika hapa chini wakishapata. Njooni na vitambulisho vyenu vya chuo, kila atakayesaini ataandikwa na chuo chake na mwaka wake.