Babu kasema "vumbi" na "uduvi" si vina. Nakosea wapi?

Kijana wa Genge:
Wakuu, msaada tafadhali. Naandika vesi ya kwanza ya wimbo wangu, nimeanza hivi:

Nimeshuka Buguruni, viatu vimejaa vumbi
Bi mkubwa yuko gengeni, anauza mafungu ya uduvi

Nikampelekea babu. Ni mtu wa tarbia, shairi la mistari minne kila ubeti, mizani (silabi) nane kwa nane. Katikati ya mstari kanipa vema: -ni na -ni. Mwisho kanichora msalaba: "-mbi, -vi. Kina kiko wapi hapo?" Cha ajabu, nikichana (nikirap) juu ya biti, pale alipokataa ndipo panapogonga, na "gengeni" aliyoipitisha inapwaya.

Fundi Biti:
Hujakosea, dogo. Mnatumia vipimo viwili tofauti. Kwenye shairi kina ni silabi ya mwisho, konsonanti na irabu yake. Kwenye michano sikio linafuata mkazo, na mkazo wa Kiswahili unakaa silabi ya pili kutoka mwisho. Sikiliza: BuguRUni, VUmbi, uDUvi. Zote u-i. Sasa genGEni: e-i. Mkia mmoja, kichwa kingine.

Halafu hiyo -ni ni ya bure, inabandikwa popote: sokoni, nyumbani, kazini. Sawa na -ana: napambana, tunaonana, wanagombana. Mtoto wa darasa la pili atakuandikia kumi kabla chai haijapoa. Mimi nikisikia vesi nzima ya -ana nazima.

Shangazi Malenga:
Msimbeze babu. Irabu peke yake haitoshi. Vumbi na uduvi zimebebana kwa sababu mb na v zote ni za midomo. Weka "bunduki" hapo uone: irabu ni zilezile, lakini ile k inakata kama kisu butu. Na neno liangukie pigo lilelile la ngoma, la sivyo hata kina kamili kitapotea.

Kijana wa Genge:
Asanteni. Nimebadili mstari wa pili, nikarekodi kwa simu:

Bi mkubwa tangu Juni, anauza mafungu ya uduvi

Leo babu kasikiliza hadi mwisho. Kasema kati pametimia, mwisho bado. Kisha kaniuliza fungu la uduvi siku hizi ni shilingi ngapi.