Naomba ushauri: ukurasa unaruka kwenye Safari, kivinjari cha iPhone
Habarini wakuu. Natengeneza ukurasa wa meseji. Ukipanda juu, meseji 20 za zamani zinaongezwa juu ya zile unazosoma. Kwenye Chrome na Firefox mstari uliokuwa unausoma unabaki palepale. Kwenye iPhone yangu, Safari inasukuma kila kitu chini, unapotea kabisa.

Nimeweka overflow-anchor: auto (amri ya kukiambia kivinjari kishikilie pale unaposoma), wapi! Nikapima scrollHeight (urefu wote wa yaliyomo) kabla na baada ya kuongeza meseji, tofauti nikaijumlisha kwenye scrollTop (umbali ulioshuka kutoka juu). Maandishi yametulia, ila picha zikichelewa kufunguka ukurasa unaruka tena, na kidole kikiwa bado kwenye kioo ndiyo balaa.

Je, nihifadhi vipimo vya kila picha kwenye seva ili nizitengee nafasi mapema, au ResizeObserver (zana ya kivinjari inayokujulisha kitu kikibadilika ukubwa) inatosha? Na zile picha za zamani nisizo na vipimo vyake, nyie mnafanyaje?