Simba wa Narnia: ni Yesu, au ni simba tu?

Mwanzisha mada: Wakuu, tulizungumze hili. Katika kitabu cha kwanza cha Narnia cha C. S. Lewis (1950), simba Aslan anakubali kuuawa badala ya Edmund, mvulana aliyewasaliti ndugu zake. Alfajiri yuko hai tena. Rafiki wa Lewis, mwandishi J. R. R. Tolkien, aliandika kwenye dibaji ya toleo la pili la kitabu chake The Lord of the Rings kwamba haipendi istiara, yaani hadithi ambamo kila kitu kinasimama badala ya kingine. Lakini mwaka 1953 alimwandikia Mjesuiti Robert Murray kuwa kitabu hichohicho ni cha kidini, tena cha Kikatoliki. Sasa sisi wasomaji tushike lipi? Fantasia isomwe Biblia ikiwa pembeni?

Katekista: Isomwe, na ushahidi umo kitabuni. Fungua nyongeza ya tarehe mwishoni mwa kitabu cha Tolkien. Msafara wa kwenda kuiharibu Pete ya uovu unaondoka bonde la Rivendell tarehe 25 Desemba. Pete inateketea tarehe 25 Machi, sikukuu ya Malaika kumpasha Maria habari, ambayo mapokeo ya kale yaliihesabu pia kuwa siku Yesu aliyosulubiwa. Hiyo si bahati nasibu. Asiyejua kalenda ya Kanisa anazipita kama tarehe za kawaida.

Mhakiki: Tarehe nakubali. Ninachokataa ni kubandika: Frodo, mbebaji wa Pete, kabeba mzigo, basi Frodo ni Yesu. Haya, endelea mpaka Mlima wa Maangamizi, penye moto wa kuiteketeza Pete. Frodo anafika ukingoni, anakataa kuitupa Pete, anaivaa na kusema ni yake. Inateketea kwa sababu Gollum, kiumbe aliyewahi kuwa nayo na bado anaitamani, anamng'ata kidole, kisha anateleza na kutumbukia nayo. Ukishambandika Yesu hapo, itabidi ama useme Yesu alishindwa, ama uifiche sura bora kuliko zote kitabuni. Wengi huificha.

Alama yenyewe nayo haina maana moja. Simba wa kabila ya Yuda yumo Ufunuo 5:5, sawa, lakini 1 Petro 5:8 ni Ibilisi anayezunguka "kama simba angurumaye". Kwa hiyo usianze na mnyama. Anza na anachotenda: nani anakufa, kwa ajili ya nani, kwa sheria ipi. Kwa Aslan hayo yote yanajibika ndani ya hadithi, maana Mchawi, malkia mwovu wa Narnia, anadai kila msaliti ni mali yake kisheria. Halafu hesabu vilivyobaki nje. Narnia ina fauni, nusu mtu nusu mbuzi, wa hekaya za Warumi na hata Baba Krismasi anayegawa silaha. Hao utawaweka wapi?

Mwanapwani: Mimi napendekeza kipimo cha nyumbani. Mchukue Fumo Liyongo. Anasalitiwa na mtu wa karibu kabisa, mwanawe, aliyeahidiwa binti wa mfalme. Anachomwa kitovuni kwa shaba. Anafia kisimani akiwa amepiga magoti, upinde mkononi, watu wanaogopa kuteka maji wakidhani yu hai, na mama yake anakuja kumbembeleza. Msaliti, magoti, mama mwenye uchungu: mtu akitaka, Ijumaa Kuu hiyo hapo! Na utendi wenyewe ni wa Waislamu wa pwani.

Mkate je? Gerezani Liyongo anapelekewa na mama yake mkate wa wishwa, yaani pumba. Walinzi wanaudharau, wanamwachia. Ndani mna tupa ya kukatia minyororo. Msomaji mwenye haraka ataandika "Ekaristi" hapo, na atakuwa ameikosa akili ya mama yule: wishwa ndiyo iliyompumbaza mlinzi. Njia inayomkuta Yesu hata kwa Liyongo haijathibitisha lolote kuhusu Narnia.

Katekista: Mkuu, hapo umenibana kuhusu mkate. Lakini kwa Frodo nabaki palepale. Gollum yuko hai mlimani kwa sababu Bilbo, aliyekuwa na Pete kabla ya Frodo, alimhurumia, na Frodo naye akamhurumia. Tolkien mwenyewe alieleza kwenye barua zake kwamba huruma hiyo ndiyo iliyookoa kazi pale nguvu za Frodo zilipokwisha. Hayo ni mafundisho ya neema, na hayahitaji Frodo awe Yesu.

Mhakiki: Hilo nalipokea, kwa kuwa umeanza na tukio kisha ukafika kwenye mafundisho. Bado nakudai jibu la Baba Krismasi.

Katekista: Yule simtetei. Hata Tolkien hakuipenda Narnia ile na michanganyo yake.