Mgao wa kipe: pengo la kipato hujifunga lenyewe?

Mtoto wa Mwalo (Kigoma)
Wakuu, kuna ubishi nimeuacha mwaloni Kibirizi asubuhi, nauleta hapa. Kijana mmoja wa chuo alikuwa anawatuliza wazee: nchi ikianza kuinuka, pengo kati ya mwenye nacho na asiye nacho hupanuka kwanza, baadaye hujifunga lenyewe. Akamtaja Simon Kuznets, mchumi wa Marekani aliyeandika hivyo mwaka 1955. Mzee mmoja anayeshona nyavu akamjibu bila kuinua macho, "Kupanuka nimekuona. Huko kujifunga utaniamsha."

Mimi nipo na mzee. Chukueni kipe, uvuvi wetu wa usiku wa kuvuta samaki kwa taa. Nilipoanza kuvua tulitumia karabai. Giza, yaani zile siku zisizo na mbalamwezi tunazovua, likiisha, mwezi umeanza kuwaka, hesabu inafanywa mchangani: toa mafuta ya taa, toa chakula, kinachobaki nusu ya mwenye chombo, nusu tunagawana tuliokesha. Leo taa ni za sola. Kabla hatujafika kwenye nusu yanatoka makato ya betri, ya paneli, ya injini, ya wavu mpya. Kanuni ni ileile, nusu kwa nusu, hakuna aliyeigusa. Kilichopungua ni kile kinachogawanywa.

Hata taifa naliona hivyo. Kwenye tafiti za mapato na matumizi ya kaya, umaskini wa mahitaji ya msingi ulishuka kutoka asilimia 28.2 mwaka 2011/12 hadi 26.4 mwaka 2017/18. Wakati huohuo kipimo cha Gini, ambacho sifuri ni usawa mtupu na 100 ni mtu mmoja kubeba vyote, Benki ya Dunia inakiweka 37.8 kwa utafiti wa kwanza na 40.5 kwa wa pili. Maskini wamepungua kidogo na pengo limekua. Naomba hoja, si matusi.

Mkulima wa Kaliua
Mkuu, usawa unaoulilia sisi wa Tabora tuliuonja. Miaka ya mwanzo ya 80 tulikuwa sawa kweli: wote hatuna sukari, wote hatuna sabuni. Leo nalima tumbaku, jirani ananizidi mara kumi, lakini nina bati na pikipiki. Acha anizidi.

Asiye na Chombo
Bati ulilonunua kabla ya makato ya pembejeo au baada?

Mkulima wa Kaliua
Makato yapo, sikatai. Pembejeo zinakatwa hujashika hata senti, na daraja la jani anapanga mteuzi, si mimi. Lakini bati ni langu.

Mdadisi Mstaafu
Hiyo 40.5 msiishike kama msahafu. Inapimwa kwa matumizi, si kwa mapato. Nimewahi kuwa mdadisi kwenye tafiti za kaya. Nyumba ya udongo wanakukaribisha mkekani, wanakuhesabia mpaka viberiti. Nyumba ya geti, mlinzi anakuambia bosi kasafiri, na gari unaliona. Kwa hiyo huku chini tunapima kwa gramu, kule juu kwa kukadiria.

Na Kuznets mwenyewe alikiri kwenye andiko lake kwamba labda asilimia 5 ni takwimu na 95 ni makisio. Takwimu zenyewe zilikuwa za Marekani, Uingereza na Ujerumani. Huko Marekani pengo lilipungua wakati wa Vita Kuu ya Pili, likatulia mpaka miaka ya 70, na kuanzia miaka ya 80 likapanuka tena. Kijana wa chuo amalizie hadithi.

Mama Kipe
Nimesoma nikanyamaza, sasa nasema. Mimi ni mwenye chombo. Mnaihesabu nusu yangu, hamhesabu marejesho. Uvuvi wa Ziwa Tanganyika ulipofungwa miezi mitatu kuanzia Mei 15, 2024, wavuvi wangu walirudi kulima. Mkopo wa injini haukurudi kulima. Nani aliugawana nami nusu kwa nusu?

Mtoto wa Mwalo (Kigoma)
Shikamoo Mama. Hapo umenibana, ile hasara uliibeba peke yako.

Ila hata hiyo inaonyesha ninachosema: watu wameketi wakapanga nani abebe nini. Azimio la Arusha mwaka 1967 liliwakataza viongozi mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar likalegeza masharti. Vyote viwili ni vikao. Brazil pengo lilishuka miaka ya 2000 baada ya kima cha chini cha mshahara kupandishwa, na familia maskini kuanza kupewa ruzuku ya Bolsa Família mwaka 2003. Na sisi wenyewe: reli ilifika Kigoma 1914, lakini chini ya Mwingereza Buha, huku kwetu Kigoma, ikafanywa mahali pa kuchota manamba wa mashamba ya mkonge. Babu zetu hawakubaki nyuma kwa bahati mbaya.

Sasa nikuulize, Mama. Betri zikikatwa giza nne mfululizo mpaka zikalipika, giza la tano bado zitakatwa?

Mama Kipe
Marahaba. Betri zinakufa, mwanangu. Zikifa, nani ananunua nyingine?

Asiye na Chombo
Kwa makato yetu tena. Basi hata zile za kwanza zilikuwa za nani?

Mama Kipe
Njoo mwaloni tuhesabu. Uje na daftari.