Ushauri wa haraka: mwanangu kakamatwa kwa wizi wa simu, Jumatatu anapandishwa mahakamani

Baba K: Wakuu, nisaidieni. Mwanangu kakutwa na simu ya jirani, yuko kituoni. Simu imerudi lakini mwenyewe hataki suluhu. Nitafute wakili au nijiandae na faini tu? Usingizi umenikimbia.

Mzee Kibuyu: Pole. Ila malezi, malezi! Mtoto akiachwa mtaani hadi usiku, mtaa ndio unamlea.

Dada Ustawi: Malezi tutayajadili baadaye. Baba K, ana miaka mingapi? Kawekwa na watu wazima? Hapa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kuwachanganya. Nenda leo kwa mkuu wa kituo uombe dhamana, kisha umwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri.

Baba K: Yuko kaunta, amekaa sakafuni. Maelezo walishamwandika, mimi sikuwepo. Nimemwambia akubali tu yaishe, hakimu atamhurumia.

Mzee Kibuyu: Kukosa na kukiri ni uungwana.

Dada Ustawi: Hujataja umri.

Baba K: Anatimiza 12 mwezi wa nane. Lakini shemeji aliwaambia polisi ana 15, kwa vile ana umbo kubwa. Nikibadilisha sasa wataona tunadanganya, bora ibaki hivyo.

Mchunguzi Huru: Hii ni chai. Baba gani anaombea ushauri mtoto halafu umri anautoa kwa kubanwa? Mods, fungeni uzi.

Kaka Mtetezi: Hata ikiwa chai, kuna mzazi ataisoma yakiwa yamemkuta. Polisi huandika umri wanaotajiwa, na mtoto mwenye umbo kubwa hakuna anayemuuliza mara mbili.

Baba K, umri ndio kesi yenyewe. Kifungu cha 15 cha Kanuni ya Adhabu kinasema aliye chini ya miaka 10 hana jinai kabisa. Chini ya 12 hawajibiki mpaka upande wa mashtaka uthibitishe kwamba wakati wa tendo alikuwa na uwezo wa kujua kuwa hapaswi kulitenda. Akijibu "ni kweli" huku hati ya mashtaka ikisema 15, hakuna atakayeuliza hilo. Kwa hiyo asikiri. Umri uibuliwe kabla hajasomewa shtaka, na mahakama inatakiwa kuuchunguza.

Baba K: Cheti sina. Kadi ya kliniki ipo.

Kaka Mtetezi: Ichukue, tarehe ya kuzaliwa isomeke. Ongeza tangazo la uzazi (ile karatasi ya hospitali ya mtoto kuzaliwa) na barua ya mwalimu mkuu yenye tarehe iliyo kwenye rejista ya shule. Toa kopi, halisi zibaki mkononi mwako. Shemeji naye aje aeleze ile 15 aliitoa wapi.

Dada Ustawi: Ukifika, uliza kama ni Mahakama ya Watoto. Inakaa faragha, afisa ustawi akiwepo, na wewe una haki ya kuingia. Wakikuzuia mlangoni, mwambie karani wewe ni mzazi. Na ukipata wakili, mwambie maelezo yalichukuliwa bila wewe, ili ayapinge.

Baba K: Naenda kituoni sasa hivi. Shemeji nimempigia, anakuja.